Kuku wa Batavia na wagonjwa wa uloto

Mwaka 2026 inatimia miaka 100 tangu wanakemia wa Kiholanzi, Jansen na Donath, walipoitenga vitamini B1 kutoka kwenye pumba za mchele mjini Batavia, Jakarta ya leo. Kumbukumbu hiyo inamgusa kila anayepandikizwa uloto.

Habari ilianza na kuku. Mwishoni mwa miaka ya 1880, daktari Christiaan Eijkman alikuwa akisaka kijidudu cha ugonjwa wa beriberi katika hospitali ya jeshi mjini humo. Kuku wake wakaanza kuyumba na kuanguka, kisha wakapona bila dawa. Eijkman alisimulia baadaye kilichotokea: mtunza kuku alikuwa akiwalisha wali mweupe wa jikoni mwa hospitali, hadi alipokuja mpishi mpya aliyekataa katakata wali wa wanajeshi kuliwa na kuku wa raia. Kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakasimama. Ubishi wa mpishi huyo, asiyetajwa hata jina, ulifungua njia. Eijkman alidhani wali una sumu. Mwenzake Gerrit Grijns akasema mwaka 1901 kwamba kuna kitu kinakosekana kwenye wali mweupe: ndiyo B1 hiyo. Nobel ya 1929 ilimfikia Eijkman. Grijns, aliyekuwa sahihi, hakuipata, na hiyo ni dhuluma.

Upandikizaji wa uloto ulianzishwa na E. Donnall Thomas wa Marekani, aliyechapisha ripoti yake mwaka 1957. Tiba hiyo huleta vidonda mdomoni na kutapika, hivyo wengi hulishwa kwa mshipa. Akiba ya B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na dripu ya glukosi huimaliza upesi. Ikikosekana, macho huchezacheza, miguu huyumba, akili huvurugika: ndio ugonjwa alioueleza Carl Wernicke mwaka 1881. Ni rahisi kusingizia maambukizi au dawa za kuzuia mwili kuukataa uloto, huku ubongo ukiharibika. Hata Marekani, uhaba wa vitamini za dripu ulileta madhara mwaka 1997.

Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeshawapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Ni fahari yetu. Basi B1 isikosekane wodini, na itangulie glukosi. Nawe unayeuguza ndugu asiyekula kwa siku nyingi, muulize daktari: dripu hii ina vitamini?