Joka la Maji Migongoni mwa Wazimamoto wa Edo

Edo, mji ambao leo ni Tokyo, ulijengwa kwa mbao na karatasi, na hakuna adui aliyeuandama kama moto. Mwaka 1657 moto wa Meireki uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Kuanzia 1720 mitaa ya raia wa kawaida ikapangiwa vikosi vyake vya wazimamoto, wengi wao mafundi waliozoea kupanda mapaa. Kazi yao hasa ilikuwa kubomoa nyumba zilizo mbele ya moto ili ukose njia. Walivaa makoti mazito ya pamba yaliyoloweshwa maji, na kwa upande wa ndani mengi yalichorwa joka. Wengi walikuwa nalo pia kwenye ngozi, kama tatuu.

Msomaji anayelijua joka jekundu la Ufunuo wa Yohana, au lile litemalo moto katika hadithi za Ulaya, atashangaa. Lakini joka la Japani, ambalo asili yake ni Uchina, ni kiumbe cha maji. Hukaa baharini na mawinguni, na ndilo liletalo mvua. Aliyelibeba mgongoni aliingia motoni akiwa amejivika mvua.

Mitindo ya tatuu hizo ilichochewa na riwaya ya Kichina, inayoitwa Suikoden kwa Kijapani, ya mashujaa 108 walioasi watawala wala rushwa. Mmoja wao, Shi Jin, ana majoka tisa mwilini. Mnamo 1827 Utagawa Kuniyoshi alianza kutoa picha za mashujaa hao, zilizochapwa kwa vibao vya mbao, akawapa tatuu hata baadhi ya wale ambao riwaya haikuwapa. Vibarua na wazimamoto wakazitamani. Kwangu mimi, huu ndio ukuu wa sanaa hii: mgongo mzima unakuwa picha moja, joka likijipinda kufuata bega na uti wa mgongo, mawimbi yakijaza nafasi iliyobaki. Fundi hushika kijiti chenye sindano nyingi nchani na kuchoma kwa mkono, wino mweusi ukigeuka samawati chini ya ngozi. Kazi ya miezi, pengine miaka. Na yote inauma.

Serikali ya Japani ya enzi ya Meiji, ikihofia kudharauliwa na mataifa ya Magharibi, ilipiga marufuku tatuu mwaka 1872. Kumbe wageni ndio waliozitafuta. Mwaka 1881 mjukuu wa Malkia Victoria, baadaye Mfalme George V, alichorwa joka mkononi huko huko Japani: mwanamfalme mwenye jina la mtakatifu aliyelichoma joka mkuki! Mwaka 1891 Nicholas, mrithi wa kiti cha Urusi, naye akachorwa lake Nagasaki.

Marufuku iliondolewa 1948, ila kufikia hapo jamii ilikwisha kuzihusisha tatuu na magenge ya wahalifu yaitwayo yakuza. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba kuchora tatuu si kazi ya tiba, hivyo mchoraji hahitaji leseni ya udaktari. Hata hivyo, mabafu mengi ya umma bado huwakataza wenye tatuu kuingia majini.