Tom na Jerry: Paka na Panya Waliopita Katika Mikono Mingi



Wazazi wengi wa nyakati zetu huamini kwamba katuni ni katuni. Diski ikiandikwa Tom and Jerry, basi kilichomo ndani ni kile kile walichokicheka wao walipokuwa wadogo, na mtoto aweza kuachwa mbele ya runinga huku mama akipika na baba akishughulika na mambo yake. Juma hili tumeona vema kulitazama jambo hilo kwa jicho la historia, kwa maana paka yule na panya yule wamepita katika mikono mingi tangu mwaka 1940, na si mikono yote iliyowatendea kwa uangalifu ule ule.

Filamu yao ya kwanza ilitoka tarehe 10 Februari 1940 katika studio ya MGM, kule California nchini Marekani. Iliitwa Puss Gets the Boot, na paka wakati huo aliitwa Jasper. Walioitunga walikuwa vijana wawili, William Hanna na Joseph Barbera, wote wawili wakiwa bado hawajatimiza miaka 30. Majina yao hayakuandikwa kwenye filamu. Heshima yote alipewa mkubwa wao, Rudolf Ising. Kisa chenyewe ni chepesi. Mtumishi wa nyumba amemwonya paka kwamba akivunja chombo kimoja tu zaidi, atatupwa nje. Panya anasikia onyo hilo, naye anatambua mara moja kwamba amepewa silaha: anatishia kuangusha glasi, na yule mnyama mwenye meno na makucha anabaki akitetemeka mbele ya kiumbe kisichojaza kiganja cha mkono.

Tunasimama kidogo hapa, kwa sababu mbegu ya kila kilicho chema katika katuni hii imo ndani ya tukio hilo. Mdogo hashindi kwa misuli bali kwa akili, na kila mmoja wao ana sababu ya kutenda anavyotenda. Paka hachapwi ovyo. Tunajua anaogopa nini na anataka nini. Wazee wetu waliposimulia hadithi za Sungura na Fisi walilijua jambo hilo hilo bila kufundishwa katika studio yoyote.

Filamu hiyo ilipendwa, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na majina ya Tom na Jerry yakapatikana kwa mashindano miongoni mwa wafanyakazi wa studio. Kuanzia hapo hadi mwaka 1958 Hanna na Barbera walitengeneza filamu fupi 114. Saba kati ya hizo zilitunukiwa Oscar, ya kwanza ikiwa The Yankee Doodle Mouse ya mwaka 1943 na ya mwisho Johann Mouse iliyotolewa mwaka 1953. Barbera ndiye aliyebuni visa na kuvichora kwa awali. Hanna alipima muda, yaani mlango ufungwe lini, kimya kidumu kwa muda gani, na sahani ivunjike kwa pigo gani la muziki. Tena Hanna ndiye aliyetoa kwa koo lake mwenyewe mayowe mengi ya Tom yanayojulikana dunia nzima.

Wapendwa, tufanye hesabu kidogo. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Katuni ya dakika 7, kwa hiyo, hupitisha picha 10,080. Hata kama kila mchoro ulipigwa picha mara mbili, kama ilivyokuwa desturi katika mambo mengi, bado palihitajika maelfu ya michoro iliyochorwa kwa mkono, ikahamishiwa kwenye karatasi angavu na kupakwa rangi mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo ilifanywa na wachoraji waliokaa pamoja miaka mingi, watu kama Irven Spence na Kenneth Muse, ambao walimfahamu Tom kama fundi seremala anavyoufahamu mti wake. Muziki, karibu wote, ulitungwa na Scott Bradley kwa ajili ya kila filamu peke yake, ukapigwa na okestra ya studio. Kwa kuwa paka na panya hawakuwa na mazungumzo, muziki ndio uliokuwa sauti yao. Katika The Cat Concerto, iliyopata Oscar katika sherehe ya mwaka 1947, Tom anapiga piano kipande cha Franz Liszt, na vidole vyake vinaufuata muziki kwa usahihi wa kushangaza. Mtoto wa miaka minne hajui Liszt ni nani. Hata hivyo masikio yake yamelishwa chakula halisi.

Ipo filamu moja ambayo sisi makasisi hatuwezi kuipita kimya. Ni Heavenly Puss ya mwaka 1949. Tom, katika kumfukuza Jerry, anapondwa na piano na kufa. Roho yake inapanda hadi kituo cha treni iendayo mbinguni, ambako paka wengine wanapokelewa mmoja mmoja. Miongoni mwao wamo watoto wadogo wa paka wanaotoka ndani ya gunia lililolowa maji. Hakuna anayeeleza gunia lile lilitoka wapi, na mtu mzima anayetazama hushikwa na baridi moyoni. Zamu ya Tom inapofika, kitabu cha maisha yake kinafunguliwa, na inaonekana kwamba amemtesa panya maisha yake yote. Anakataliwa kupanda. Anapewa saa moja tu arudi duniani kumwomba Jerry atie sahihi hati ya msamaha. Asipoipata, mbwa mwenye pembe anamsubiri chini kwenye sufuria la moto.

Teolojia yake, tukisema kweli, ina matundu kama chandarua kilichochakaa. Lakini kiini chake tunakitambua: kwamba mtu hawezi kuielekea mbingu huku akimruka jirani aliyemkosea, jambo ambalo Bwana wetu alilifundisha aliposema juu ya sadaka inayoachwa mbele ya altare. Tom anabembeleza, anahangaika, anakasirika, saa inakwenda. Jerry anapokubali hatimaye kutia sahihi, treni imekwisha kuondoka. Tom anaangukia motoni, kisha anazinduka: alikuwa amelala karibu na meko ya sebuleni na kaa la moto limemchoma. Anakimbia kwenye tundu la panya, anamkumbatia na kumbusu, naye Jerry anabaki hajui kimetokea nini. Haya yote kwa muda wa takriban dakika 8, bila mahubiri.

Hata hivyo tusiupambe wakati ule kupita kiasi. Mtumishi wa nyumba tuliyemtaja alikuwa mwanamke mweusi, ambaye kwa kawaida anaonekana kuanzia miguuni hadi kiunoni tu, mwenye soksi zilizolegea na lafudhi iliyotiwa chumvi. Sauti yake ilitolewa na mwigizaji Lillian Randolph. Chama cha kutetea haki za watu weusi wa Marekani, NAACP, kililalamikia mhusika huyo, na baada ya mwaka 1952 hakuonekana tena. Katika miaka ya 1960, filamu hizo zilipokuwa zikiandaliwa kwa runinga, baadhi ya sehemu zake zilichorwa upya akawekwa mwanamke mzungu mwembamba, na nyingine zikabadilishwa sauti. Yapo pia mafumbo ya mlipuko, ambapo paka au panya anatoka moshini akiwa na sura ya kumdhihaki mtu mweusi. Sisi Waafrika hatuna sababu ya kuyacheka hayo kwa kuwa tu yamechorwa vizuri. Ustadi wa mkono na usafi wa moyo havikai daima katika nyumba moja, na filamu zile zile zilizo bora kwa uchoraji ndizo zilizobeba aibu hiyo.

Kushuka kwenyewe kulianza taratibu, watengenezaji wakiwa bado ni wale wale. Katikati ya miaka ya 1950 runinga iliwapunguza watazamaji katika majumba ya sinema, na bajeti ikabanwa. Ukizitazama filamu za miaka hiyo ya mwisho utaona mistari minene, mandhari tupu, na nyuso zisizobadilika sana. Mwaka 1956 ikatoka Blue Cat Blues, ambamo Tom anakataliwa na mpenzi wake kwa sababu ya paka tajiri, anazama katika ulevi na huzuni, na mwishoni yeye na Jerry wameketi juu ya reli huku mlio wa treni ukikaribia. Hakuna kuzinduka usingizini safari hii. Filamu hiyo ina umri karibu sawa na zile za kuchekesha na huweza kuwekwa pamoja nazo katika mkusanyiko mmoja. Tunawasihi wazazi wenye watoto wadogo waifahamu kwa jina.

Kisha mwaka 1957 MGM ikafunga idara yake ya katuni. Wakubwa walikuwa wamegundua kwamba filamu za zamani zikirudiwa katika majumba ya sinema huingiza karibu fedha sawa na zile mpya. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Studio ikaona kwamba chema kinajiuza, ikahitimisha kwamba hakuna haja ya kukitengeneza tena. Hanna na Barbera wakaanzisha kampuni yao na kugeukia runinga, iliyowalipa sehemu ndogo tu ya fedha walizozoea. Wakabuni namna ya kuchora kwa uchache: mwili umesimama, mdomo peke yake unatembea, na mandhari ile ile inapita nyuma ya mkimbiaji mara sita. Hatuwalaumu. Walikuwa na wafanyakazi wa kuwalisha.

Miaka michache baadaye MGM ilitaka tena Tom na Jerry, lakini kwa bei nafuu. Kazi ikapelekwa Prague, nyuma ya lile lililoitwa Pazia la Chuma, kwa mwongozaji Mmarekani Gene Deitch, ambaye kati ya mwaka 1961 na 1962 alitoa filamu 13. Huyu hakuwa mtu wa hovyo; filamu yake Munro ilikuwa imepata Oscar. Lakini wachoraji wa Kicheki walikuwa hawajakua na katuni hizi, mifano waliyoonyeshwa ilikuwa michache mno, na Deitch mwenyewe hakuwahi kuvipenda vichekesho vya namna hiyo. Matokeo yake ni filamu za ajabu: sauti zenye mwangwi kama wa pangoni, miendo ya kushtuka-shtuka, na bwana mnene mwenye hasira anayempiga Tom kwa ukatili usio na sababu. Hapo ndipo tunapoiona tofauti. Paka wa mwaka 1940 aliumia kwa hila zake mwenyewe. Paka huyu anaumizwa tu. Mtoto hawezi kulieleza jambo hilo, lakini huacha kucheka.

Baada yake akaja Chuck Jones, bingwa aliyetoka Warner Bros., akatengeneza filamu 34 kati ya mwaka 1963 na 1967. Rangi zikarudi, michoro ikawa ya kupendeza, nyusi za Tom zikanenepa, na macho ya Jerry yakawa makubwa kama ya kitoto. Ni nzuri kutazama. Ila joto lile la ugomvi limepoa, na Jones mwenyewe alikiri kwamba hakuwa na ufahamu wa ndani wa wahusika hawa kama aliokuwa nao kwa wale wake. Mikono ya fundi hodari haikutosha kumpa ujirani wa miaka 18 ambao wenzake walikuwa nao na paka yule.

Mwaka 1975 mambo yakageuka kabisa. Makundi ya wazazi nchini Marekani yalikuwa yamelalamikia ukatili katika vipindi vya watoto, na vituo vya runinga vikaweka masharti makali. Tom na Jerry wakarudi mikononi mwa Hanna na Barbera wenyewe, lakini sasa kama marafiki wanaosafiri pamoja, Jerry akiwa na tai ndogo nyekundu shingoni. Hawafukuzani. Hawagombani. Tungetazamia kwamba sisi wachungaji tungekuwa wa kwanza kukisifu kipindi hicho; la hasha, ni katika vile vilivyo dhaifu kuliko vyote. Katika Heavenly Puss msamaha ulikuwa na thamani kwa sababu palikuwa na kosa. Hapa amani imetolewa bure tangu dakika ya kwanza, na hakuna aliyeitafuta.

Yaliyofuata tunayapitia kwa haraka. Kampuni ya Filmation ilitoa mfululizo mwaka 1980. Tom na Jerry wakafanywa watoto mwaka 1990. Na katika filamu ndefu ya mwaka 1992 wakapewa sauti za kuzungumza na kuimba kwa muda mrefu, jambo ambalo wapenzi wao wengi hawajalisamehe. Mfululizo wa Tom and Jerry Tales, kati ya mwaka 2006 na 2008, ulijitahidi kurudia mtindo wa zamani, nasi tunauona kuwa mwema kuliko mingi. Mwaka 2021 wakachanganywa na waigizaji wa kweli katika sinema moja ya New York.

Hanna alifariki mwezi Machi 2001. Barbera, mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, alishiriki kuandika na kuongoza filamu fupi moja zaidi, The Karate Guard ya mwaka 2005, akafariki mwezi Desemba 2006.

Kwa mzazi atakayeuliza atajuaje alichonunua: filamu za sinema, zote 161, zina majina mwanzoni, kabla ya kisa kuanza. Penye Hanna na Barbera kama waongozaji, ni za kabla ya mwaka 1959. Penye Gene Deitch ni zile 13 za Prague. Penye Chuck Jones ni za baada yake. Zilizotengenezwa kwa ajili ya runinga huwa na wimbo wake wa kufungulia, na zile za 1975 zinatambulikana kwa ile tai nyekundu. Majina hukaa kwenye kioo kwa sekunde chache tu, kwa hiyo inafaa mzazi awe amekwisha kuketi.