Duka Letu la Kuchapisha, Kakuma

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992. Sisi Wakongo wengi tulikuja miaka mingi baadaye, tukakuta maandishi yote ya sokoni ni ya brashi: ubao wa kinyozi, ukuta wa duka, bango la kanisa. Hapo ndo nilianzia, na makopo mawili ya rangi, nyekundu na nyeusi.

Brashi haihitaji umeme, kompyuta inahitaji. Tulichanga watu watatu, tukanunua laptopu iliyotumika na printa ndogo, tukavuta waya kwa mwenye jenereta, tukamlipa kila mwezi. Zikaja kadi za harusi, risiti, fulana za timu. Kazi iliyotujulisha kwa watu ni ratiba za mazishi. Picha ya marehemu imo kwenye simu, na familia inaitaka kwenye karatasi kabla ya kesho.

Shida ilikuwa wino. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha safari, kwa hiyo tuliagiza Kitale kupitia madereva, na nauli ikaingia kwenye bei. Wino ukiisha Jumatatu, mteja anangoja gari lirudi.

Mwaka 2021 Kenya ilipitisha sheria mpya ya wakimbizi, nayo inataja haki ya kufanya kazi. Vizuri sana. Sisi leo tuna mashine ya laminesheni na vijana wawili wanaojifunza kubuni. Lakini mchapaji anatakiwa kuishika karatasi kwa vidole kabla ya kuinunua, apatane bei mwenyewe. Yetu bado anatuchagulia dereva.