Osha kwanza: Usafishaji salama wa vifaa vya upasuaji

Upasuaji unapokamilika na mgonjwa kuondolewa chumbani, hatari huwa bado haijaisha. Mikasi, koleo na vifaa vingine vyenye damu hukabidhiwa mhudumu ambaye jukumu lake ni kuviandaa ili vitumike tena. Kazi hiyo isipotekelezwa ipasavyo, huwadhuru watu wawili: mgonjwa atakayefuata na mhudumu mwenyewe.

Kwa miaka mingi, hospitali nyingi barani Afrika ziliviloweka vifaa hivyo katika maji yenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha. Nia ilikuwa kumkinga mwoshaji. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka wa 2016 unapinga desturi hiyo. Damu hupunguza nguvu za klorini, nayo klorini hula chuma. Aidha, maji hayo yanaweza kumrukia anayeyabeba.

Kanuni kuu ni kwamba kifaa kisichosafishwa hakiwezi kutakaswa, kwa kuwa damu iliyogandamana huvikinga viini dhidi ya dawa na joto.

Usafishaji huanzia katika chumba cha upasuaji. Damu hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa maji safi, wala si maji ya chumvi, ambayo huleta kutu. Anayetumia wembe au sindano ndiye anayepaswa kuitupa katika sanduku gumu la vitu vyenye ncha kali. Vifaa vingine husafirishwa vikiwa na unyevu, ndani ya chombo kigumu chenye kifuniko.

Mwoshaji anahitaji glavu nene za mpira, aproni isiyopenya maji, kinga ya macho na uso, pamoja na viatu vinavyofunika vidole. Glavu nyepesi za kumpimia mgonjwa hazitoshi, kwani hupasuka upesi.

Vifaa hutiwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni maalum. Maji moto sana hayafai kwa sababu hugandisha damu. Mikasi hufunguliwa na vifaa vyenye viungo hutenganishwa, kisha husuguliwa kwa brashi laini chini ya maji ili matone yasiruke. Baadaye husuuzwa, hukaushwa na kukaguliwa penye mwanga wa kutosha. Kikionekana kuwa na doa, kifaa hurudishwa kuoshwa.

Hatua ya mwisho ni kuua viini vyote. Kuchemsha pekee hakutoshi. Jijini Nairobi, kutokana na mwinuko wake, maji huchemka katika takriban nyuzijoto 94, ilhali mbegu za bakteria wa pepopunda zinaweza kustahimili hata nyuzijoto 100. Ndiyo maana hutumiwa otoklevu, mtambo wa mvuke wenye shinikizo. Kwa kawaida, vifaa vilivyofungwa huhitaji nyuzijoto 121 kwa dakika 30. Katika mitambo inayofyonza hewa kwanza, nyuzijoto 134 kwa muda usiopungua dakika tatu.

Utepe unaobadilika rangi huonyesha tu kwamba furushi lilipitia katika joto. Hauthibitishi kwamba viini vimekufa. Furushi linalotoka likiwa limelowa lisitumiwe.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake. Kinga hiyo inapaswa kujumuisha chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida hutolewa mara tatu. Asiye na kinga akidungwa na sindano yenye damu ya mwenye ugonjwa huo, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia asilimia 30. Kwa virusi vya Ukimwi ni takriban asilimia 0.3.

Mhudumu akidungwa au kukatwa, aoshe jeraha mara moja kwa maji na sabuni bila kulikamua, kisha atoe ripoti. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa kwa siku 28. Anayeficha ajali hiyo kwa kuhofia kukemewa hujinyima muda ambao hauwezi kurudishwa.