Kuuza nyumba: wewe mwenyewe ao kupitia komisioneri?

Ku kuta za nyumba nyingi mu miji yetu, toka Bukavu mpaka Butembo, kumeandikwa kwa rangi: « Parseli hii haiuzishwe ». Mugeni anaweza kushangaa. Mukaaji wa huku anaelewa: mwenye nyumba anajikinga na mutu anayeweza kuiuzisha bila yeye kujua, akiwa mtoto wa jamaa, mpangaji, ao komisioneri mwenye haraka.

Wewe unayetaka kuuza kweli, unaingia mu soko ile ile yenye mashaka. Mnunuzi anakuogopa vile wewe unamuogopa. Ulizo la kwanza huwa ni la pesa: nitafute mnunuzi mwenyewe nibaki na komisio yangu, ao nimupe komisioneri kazi? Ulizo ni nzuri, lakini mara nyingi komisio sio inayoangusha watu. Kinachowaangusha ni kutojua nani anashika karatasi na nani anapokea dola.

Kazi ya komisioneri

Komisioneri wengi hawana biro. Wanakaa ku rond-point ao ku mlango wa duka, na simu yenye picha za nyumba. Wachache wanafanya kazi ndani ya ajansi yenye karatasi za leta na adresi inayojulikana. Hao angalau ukigombana nao unajua fasi ya kuwatafutia. Kwa nyumba ya kupangisha, komisio inazoeleka kuwa sawa na mwezi mmoja wa kodi. Kwa kuuza, mnapatana: 5 kwa mia na 10 kwa mia ndizo zinasikika sana. Kwa nyumba ya dola 30 000, ni tofauti kati ya dola 1 500 na dola 3 000. Si pesa ndogo. Tena kama komisioneri watatu wamepitishiana mnunuzi, kila mmoja anataka sehemu yake.

Kwa pesa hiyo unapata nini? Unapata miguu na masikio. Anajua ni nani anatafuta, anajua nyumba ya avenyu ya pili iliuzwa bei gani kweli (sio bei ambayo mwenyewe alijisifia), na anakupunguzia wageni wa kuja kutazama tu. Hapo anasaidia. Lakini hahakikishe karatasi zako, na siku ya matata mahakamani yeye hayupo.

Mchezo unaojulikana zaidi ni wa kuongeza juu. Unamuambia 30 000, yeye anamuambia mnunuzi 36 000, na zile 6 000 anaziona kuwa zake. Ndiyo maana hapendi wewe na mnunuzi muonane mapema. Mchezo mwingine unautengeneza wewe mwenyewe: unawapa komisioneri watano nyumba moja. Mnunuzi anasikia bei tano tofauti, anafikiri nyumba iko na kesi, anakimbia.

Lini uuze mwenyewe

Kama mnunuzi yuko karibu, usitafute mutu wa katikati. Jirani anayetaka kupanua parseli yake, mpangaji ambaye amekaa mle miaka, mutu wa kanisa ao wa soko: hao wanajua nyumba, wanajua hata maji yanaingia wapi mvua ikinyesha. Jirani huwa analipa vizuri kupita mutu wa mbali, juu yeye anapata ukuta mmoja zaidi. Shida ya kuuza mwenyewe ni muda, na pia undugu: watu wanaokujua wataomba bei ya undugu. Weka kichwani bei ambayo huwezi kushuka chini yake, na usimuambie mutu.

Kumbuka pia usalama. Mu miji yetu, kila mutu akijua kama unauza, atajua na wiki gani utakuwa na dola ndani ya nyumba. Komisioneri hapunguze hatari hiyo. Anaongeza midomo inayojua.

Komisioneri anafaa zaidi kama hauko pale: vita ilikuhamisha, uko Kampala ao Ulaya, ao nyumba ni kubwa na wanaoweza kuinunua ni wachache. Lakini hapo njo kosa kubwa linafanyika: kumupa komisioneri prokirasio ya kuuza na kupokea pesa. Usifanye hivyo. Prokirasio inapewa ndugu ao rafiki unayemuamini, mbele ya noteri, ikiandika ni nyumba gani, bei ya chini kabisa, pesa itapita wapi, na tarehe ambayo karatasi hiyo itaisha nguvu. Komisioneri abaki kuleta mnunuzi tu.

Karatasi mbele ya bei

Toka sheria ya 1973 juu ya mali na ardhi, udongo ni mali ya leta. Wewe unauza nyumba na haki yako ya kukaa ku udongo ule. Haki hiyo inathibitishwa na cheti cha uandikishaji, kile watu wanaita setifika, kinachotolewa na konservateri. Raia wa Congo anaweza kuwa na konsesio ya daima. Konsesio ya kawaida haipite miaka 25, lakini inaweza kurudishwa upya.

Tuseme ukweli: wengi hawana cheti hicho. Wako na fishi parseleri, ao barua ya mauzo yenye saini ya shefu, ao karatasi ya kimila. Nyumba ya namna hiyo inauzika, watu wanaziuza kila siku, lakini bei inashuka na mnunuzi ana haki ya kujua. Komisioneri akikuambia « tutapanga ile mambo kisha », jua kama yeye hatakuwepo wakati wa kupanga.

Kwa hiyo, mbele ya kutamka bei, enda ku kadasta na kwa konservateri wewe mwenyewe. Uliza kama namba iko kwa jina lako, kama hakuna mwingine mwenye karatasi ku parseli hiyo, kama haikuwekwa rehani. Angalia vijiwe vya mpaka kama bado vipo. Mu Goma, ambako lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu za muji mu Januari 2002, ulizo la mpaka si la mchezo. Tafuta pia risiti za kodi ya nyumba, na bili za REGIDESO na SNEL zilizolipwa. Mnunuzi mwenye akili ataziomba.

Kisha jamaa. Kanuni ya familia, ya 1987, iliyorekebishwa mu 2016, inadai bwana na bibi wakubaliane juu ya kuuza nyumba, hata kama waliona kwa namna ya kila mutu na mali yake. Nyumba ya baba aliyekufa si ya mtoto wa kwanza. Watoto wote ni warithi, wasichana sawa na wavulana, hata wale ambao baba aliwazaa inje ya ndoa na akawatambua kisheria. Na mjane, sheria inamuachia haki ya kuendelea kukaa mu nyumba waliyokaa na bwana yake. Pale saini moja inakosekana, hata komisioneri hodari hawezi kuisaidia hiyo nyumba.

Kwa wale walio mbali, kuna jambo la haraka. Sheria inasema kama cheti kikishatimiza miaka 2 hakishambuliwe tena. Aliyedhulumiwa anabaki kudai malipo ya hasara, sio nyumba. Jamaa iliyokimbia vita na kurudi kisha miaka mitatu inaweza kukuta jina la mutu mwingine. Ukiwa mbali, tuma mutu apite ku biro ya konservateri mara kwa mara, hata kama hauuzi.

Mkikubaliana na komisioneri

Ukurasa mmoja unatosha, na saini mbili. Mwandike bei; komisio na nani anailipa; kama inalipwa tu kisha mnunuzi kumaliza kulipa yote; kama chochote juu ya bei ni cha mwenye nyumba; kama ukijipatia mnunuzi mwenyewe hakuna komisio; na muda, tuseme miezi mitatu. Akikataa kuandika, amekujibu.

Usimupe karatasi za kweli hata kwa siku moja. Mupe fotokopi, na uandike katikati yake kwa bik, juu ya maandishi: « ya kuonyesha tu ».

Siku ya pesa

Saini na malipo yafanyike siku moja, mbele ya noteri, na mashahidi wa pande zote mbili. Viongozi wa avenyu na kartie huwa wanataka kujua, na mara nyingi wanaomba kitu. Wape taarifa, na kwa kila franga omba risiti. Kama mnunuzi anatoa avansi, mwandike itakuwaje asipomaliza: mwenye nyumba anairudisha yote, nusu, ao anabaki nayo. Kesi nyingi zinazaliwa hapo.

Pesa ikipita ku banki ni vizuri. Lakini mu Goma na Bukavu, toka banki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, wengi wanahesabia mkononi. Hapo chukua mutu anayejua dola, juu noti yenye kupasuka kidogo tu hakuna mutu ataipokea kwako kesho. Hesabu mchana, mu biro, na usirudi nyumbani peke yako.

Mkimaliza, fuatana na mnunuzi kwa konservateri mpaka jina lako litoke mu kitabu, ubadilishe pia ku REGIDESO na SNEL. Bila hivyo, kodi na convocation zitaendelea kuja kwako juu ya nyumba ambayo ufunguo wake hauko nao tena.