Vijembe vya Mawe katika Bustani ya Stowe

Nilipokuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa fasihi ya Kiingereza alitukaririsha sehemu ya shairi refu la Oliver Goldsmith juu ya kijiji kilichohamwa, lililochapishwa mwaka 1770. Tulikariri, tukafaulu mtihani, nami nikaenda kulifundisha kwa miaka mingi, nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba wanakijiji wale waliondoshwa na umaskini. Nimestaafu ndipo nikatambua kosa langu. Jibu lilikuwamo ndani ya shairi lenyewe, pale mshairi anapomlaumu tajiri aliyetwaa ardhi ya wengi kwa ajili ya ziwa lake na uwanja wake. Mistari hiyo nilikuwa nikiipita haraka, kwa kuwa sikujua bustani ya kabaila wa Uingereza ilikuwa kitu gani.

Neno letu bustani lina asili ya Uajemi, likatufikia kwa njia ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mahali penye harufu nzuri. Makabaila wa Uingereza wa karne ya 18 walipanda maua pia, lakini bustani zao kubwa zilitengenezwa zisomwe, kama sisi tusomavyo shairi la mafumbo. Mfano ulio bora ni Stowe, katika jimbo la Buckinghamshire.

Mwenye Stowe alikuwa Richard Temple, Lord Cobham, askari na mwanasiasa. Jina la ukoo wake lina maana ya hekalu, na wito wa ukoo, ulioandikwa kwa Kilatini, ulisifu jinsi mahekalu yanavyopendeza. Basi akalichukua jina lake kwa maana yake halisi, akaijaza bustani mahekalu ya mawe. Mshairi yeyote anayependa kuchezea maneno ataelewa raha aliyoipata.

Mwaka 1733 Cobham aligombana na waziri mkuu Robert Walpole juu ya mpango wa ushuru wa mvinyo na tumbaku, akavuliwa uongozi wa kikosi chake cha jeshi. Alirudi nyumbani na hasira, akaanza kujibu kwa mawe. Msanifu wake, William Kent, alimjengea Hekalu la Wema wa Kale, la duara na lisilo na dosari, na ndani yake zikasimamishwa sanamu za Wayunani wanne: Homer, Socrates, Lycurgus na Epaminondas. Karibu yake likajengwa Hekalu la Wema wa Kisasa. Hilo lilijengwa likiwa gofu tangu siku ya kwanza, na ndani yake mlikuwa na sanamu isiyo na kichwa, iliyovikwa mavazi ya wakati ule. Wageni waliielewa kuwa ni Walpole. Sisi tunakiita hicho kijembe, na sijapata kuona kingine kilichogharimu mawe mengi kiasi hicho.

Ng'ambo ya kijito kuna ukuta wenye sanamu 16 za vichwa vya Waingereza mashuhuri, miongoni mwao Shakespeare, Milton, Newton, Locke na Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mshairi Alexander Pope alitiwa humo angali hai, kwa kuwa alikuwa rafiki wa nyumba. Nyuma ya ukuta pana maandishi ya kumsifu marehemu mmoja aitwaye Signor Fido, mwaminifu na mwenye maadili mema. Msomaji akifika mwisho anaambiwa kwamba huyo hakuwa mtu, alikuwa mbwa. Kumbe hata mbwa amewazidi wakubwa wa siku zile!

Nilipofika hapo katika usomaji wangu nilikuwa nikifurahi. Kisha nikasoma juu ya kanisa. Katikati ya bustani ya Stowe, limefichwa na miti, lipo kanisa la zamani la Mtakatifu Maria. Kanisa halijengwi pasipo waumini. Hapo palikuwa na kijiji, na kijiji hicho kiliondolewa. Likabaki kanisa tu na makaburi yake. Miti ilipandwa ili lisionekane na wanaotembea wakisoma mahekalu. Mwaka 1741 alikuja Lancelot Brown kuwa mkuu wa watunza bustani, na bonde zima likachimbwa kwa majembe na matoroli. Mashuhuri wana majina yao juu ya ukuta, na mbwa ana maandishi yake. Walioshika majembe hawakuandikwa popote katika mawe yale.

Kwa Stowe nilijifunza kwamba kijiji kinaweza kufutwa kama mstari ulioharibu vina. Kwa Nuneham Courtenay, karibu na Oxford, nilirudi kwenye shairi langu. Huko, mnamo miaka ya 1760, Lord Harcourt alikiondoa kijiji kizima mbele ya jumba lake jipya ili apate mandhari, akawajengea watu nyumba za safu mbili kando ya barabara kuu. Wataalamu wengi huamini kwamba tukio hilo ndilo lililomchoma Goldsmith.

Lakini kuna shairi la pili. William Whitehead, aliyekuwa mshairi rasmi wa mfalme na rafiki wa Harcourt, alitunga juu ya kuhamishwa huko huko. Yeye alimchagua bibi mmoja mzee, Barbara Wyatt, aliyeruhusiwa kubaki katika kibanda chake, akausifu ukarimu wa mwenye ardhi. Bibi huyo hakutungiwa uongo, alikuwapo kweli. Ila mshairi alimtazama aliyebaki, asiwatazame waliokwenda.

Stowe nayo ilipata zamu yake. Mwaka 1848 mrithi wake, Duke wa pili wa Buckingham, alizama katika madeni, na mali ya jumba ikanadiwa kwa siku 40. Tangu mwaka 1923 jumba ni shule, na bustani zinatunzwa kwa ajili ya umma. Anayetaka anaweza kwenda kumsoma Signor Fido.

Nikipewa tena darasa moja, ningewasomesha wanafunzi mashairi yote mawili, la Goldsmith na la Whitehead, kisha ningewauliza swali moja: kabla ya bustani hii, hapa alikaa nani? Swali hilo nawaachia pia watunzi wenzangu. Sisi tumerithi utenzi wa sifa na tunaupenda, na mara nyingi tunaalikwa kutunga mbele ya majumba. Tukialikwa, tutazame kwanza palipo na miti mingi kupita kiasi, kwani huenda nyuma yake lipo kanisa.