Gari Kuukuu na Jina Lililofutwa: Historia Fupi ya Sinema ya Genevieve

Aghalabu wahakiki huviweka vichekesho kando, kana kwamba kicheko hakina historia. Sinema ya Kiingereza iitwayo Genevieve, iliyotolewa mwaka 1953, yatosha kutuonyesha kwamba rai hiyo haina msingi.

Hadithi yake ilitungwa na William Rose, Mmarekani; mwongozaji wake alikuwa Henry Cornelius, mzaliwa wa Afrika Kusini. Kisa ni chepesi. Alan na Ambrose ni marafiki, na kila mmoja ana gari lake kuukuu. Wanashiriki msafara wa kila mwaka wa kutoka London hadi Brighton, unaoadhimisha tarehe 14 Novemba 1896, siku ilipoanza kutumika sheria iliyowaruhusu wenye magari kwenda mwendo wa maili 14 kwa saa. Msafara huo si mashindano. Lakini majivuno yanawafanya marafiki hao wawekeane dau la pauni 100 kwa atakayetangulia kuvuka daraja la Westminster wakati wa kurudi. Wanahujumiana njia nzima, na wanawake walioandamana nao ndio wanaobeba adha.

Karibu na mwisho, Alan anasimama kumsikiliza mzee anayelikumbuka gari la namna hiyo tangu ujana wake, ingawa kusimama huko kwaweza kumkosesha ushindi. Anayemwokoa ni reli: magurudumu ya Ambrose yananasa katika njia ya tramu. Tramu za London zilikuwa zimekoma Julai 1952. Hivyo mzaha huo umetuhifadhia alama ya usafiri uliokwisha kutoweka.

Lakini historia iliyo nzito zaidi imo katika muziki. Muziki huo ulitungwa na kupigwa kwa kinanda cha mdomo na Larry Adler, Mmarekani aliyehamia Uingereza baada ya kunyimwa kazi kwao kwa tuhuma za ukomunisti. Sinema ilipoonyeshwa Marekani, jina lake liliondolewa. Mwaka 1955 muziki huo ulipoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, aliyetajwa ni Muir Mathieson, kiongozi wa okestra. Kosa hilo halikusahihishwa hadi mwaka 1986. Cornelius alikuwa amefariki tangu 1958. Adler aliwahi kuyaona masahihisho hayo.

Kwa hiyo mtafiti wa sinema hana budi kuyasoma hata majina yanayotangulia kichekesho, na kuuliza ni nani asiyetajwa.